Sala niliyoongoza kwenye kilio

Mimi ni mtangazaji wa redio ndogo hapa Butembo. Juma lililopita mwalimu mmoja wa Mutwanga alinipigia simu: "Ndugu, mutangaze leo, barabara haiko muzuri. Batu ya silaha beko mu pori."

Niliandika habari hiyo ya watu wenye silaha porini. Mkurugenzi akaifuta. "Unataka batufungie radio?" Akanipa tangazo lililotoka kwa wakubwa: hali ni shwari kwenye barabara ya Mutwanga, wasafiri wasiogope. Nikalisoma kwa ile sauti nzito ninayojivunia.

Jana nilimsindikiza rafiki yangu kwenye kilio cha shemeji yake. Sikuuliza hata alikufaje. Pale hakuna aliyenijua, lakini rafiki yangu alipendekeza niongoze sala. Nilipofungua kinywa, watu wakainua vichwa mmoja mmoja. Mimi, mjinga, nikadhani wameipenda sauti yangu, nikaikoleza zaidi.

Baada ya amina, mjane akanitazama.

"Papa, ni wewe ulisema mu radio kama barabara ya Mutwanga iko muzuri?"

"Ni mimi, mama."

"Bwana yangu alikusikia. Alizima radio, akawasha pikipiki, akaenda."