Kioo Alichonipa Mama

Mwanangu unayenisoma, nakumbuka siku moja ya likizo ya Agosti, ukungu umeshuka hadi mlangoni kwetu kule milimani juu ya Wundanyi, nami nazunguka nyumba nikitafuta kipande cha kioo. Nilikuwa kidato cha tatu, nasoma shule ya bweni huko Voi. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba mwanga husafiri kwa mawimbi, na kwamba mawimbi mawili yasipokwenda sawa huuana, pakabaki giza. Mimi nikabisha. Mwanga juu ya mwanga uzae giza? Akacheka, akaniambia nikifika nyumbani nitafute kioo, nikipake masizi, nikwaruze mistari miwili iliyokaribiana sana, kisha nijionee mwenyewe.

Usinicheke. Nyinyi siku hizi mna tochi za leza, mnabonyeza tu na milia inaonekana ukutani. Kwetu hata dirisha lilikuwa la mbao.

Mama aliniona ninavyohangaika. Akaingia chumbani kwake, akakawia kidogo, akatoka na kioo kisafi, kimekatwa vizuri pande zote.

"Shika, Wakesho. Usijikate."

Nilikipokea nikakimbilia jikoni kukifukiza juu ya koroboi. Nikakwaruza kwa wembe mistari miwili, mmoja nikauacha mrefu kuliko mwenzake. Nikawasha tochi mwisho wa chumba, nikaweka kioo jichoni. Pale mstari ulipokuwa peke yake, mwanga haukupita mwembamba kama nilivyotarajia, ulitanda kando kama uji uliomwagika mezani. Nikashusha kioo hadi penye mistari miwili. Ee, mwanangu! Milia ikajipanga, mwanga, giza, mwanga, giza. Mahali mstari mmoja ulipokuwa umepeleka mwanga, wa pili ulipoongeza wake pakazimika.

Nikamwita mama. Alitazama, akanirudishia kioo.

"Basi mwalimu wako hakudanganya," akasema, akarudi kwenye sufuria yake. Mimi siku hiyo nilikuwa na furaha isiyo na kifani.

Sasa, baba yangu alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Sura yake niliijua kwa picha moja tu, iliyopigwa studio huko Voi, na mama aliitundika chumbani kwake. Nakala nyingine haikuwepo. Desemba ile alikuja baba mkubwa, kaka yake marehemu, akitaka kuiteremsha Voi ikatolewe nakala kwa ajili ya watoto wote wa ukoo. Mama akasita. Halafu akaileta.

Fremu haikuwa na kioo. Mahali pake mama alikuwa ameweka nailoni, ameikunja vizuri pembeni. Nikaelewa palepale kioo changu kilitoka wapi. Ukungu wa milimani huingia hata usipoitwa, na unyevu ulikuwa umeingia chini ya ile nailoni. Baba mkubwa akaivuta polepole, kwa uangalifu wote, na sura ya baba ikabanduka nayo. Ilibaki suti, na mikono iliyowekwa magotini.

Baba mkubwa akauliza kioo kilikwenda wapi, nikamsimulia yote tangu kwa mwalimu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa.

"Ulipopewa kioo, ulimuuliza mama yako amekitoa wapi?"

"Sikumuuliza, baba."

"Mwalimu unamuuliza mpaka anachoka. Mama yako hukumuuliza hata neno moja."

"Mwache mtoto, shemeji," mama akasema. "Nilimpa mimi mwenyewe. Alikuwa anasoma."

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nasi hudhani methali hiyo ni ya darasani tu. Nililia, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Nilifaulu mtihani, nikawa mwalimu wa fizikia mpaka nikastaafu, na kila nilipofikia somo lile niliikumbuka ile picha, nikalifundisha hivyo hivyo. Mama hakunilaumu hata siku moja.

Alipozeeka nilimchukua akaishi nami Voi. Kumbukumbu zilianza kumtoka. Asubuhi moja nikimnywesha chai akaniuliza, "Wakesho, baba yako alikuwa na sura gani? Nimemsahau."

Nikamjibu kwamba alikuwa mzuri.

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. Hakukaa sana baada ya hapo, akatuacha.

Mwanangu, soma. Elimu nitaitetea mpaka naingia kaburini. Lakini mzazi akikupa kitu, hasa akikupa upesi na bila kulalamika, umuulize kwanza amekitoa wapi. Huenda akakuficha, maana uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi ni waongo wakubwa katika mambo haya. Basi inuka ukapaangalie mwenyewe pale kilipotoka, ndipo uamue kama utakipokea au utakirudisha. Na kama wazazi wako wangali hai, waulize leo habari za waliowatangulia, maana mimi sikumuuliza mama baba alikuwaje, mpaka siku ambayo yeye ndiye aliyeniuliza.

Mungu akufungue macho uone unachotolewa. Akuwekee wazazi na ndugu zako, na nyuso zao zisikutoke moyoni kamwe.