Mbuzi Wangu na Mto wa Baba Mkwe

Najua mmeshaisikia kwa watu, na kila mtu kaongeza chumvi yake, kwa hivyo acheni niwaeleze mwenyewe niliyeaibika.

Kiangazi hiki hapa kwetu Matsangoni nyasi zilikwisha kabisa, na Kazungu, mume wangu, akashika neno moja tu, mbuzi wauzwe kwa mwenye bucha wangali na nyama mifupani. Nikamsihi anipe mpaka Jumatatu, maana wakati wa mvua nilikata matawi ya mlusina, ule mti wa malisho, nikayakausha kivulini mpaka majani yakapukutika yenyewe, rangi bado ya kijani. Shida ni kwamba mbuzi wenyewe (wana maringo hao, hamjui) waliyanusa wakageuza shingo. Nikayanyunyizia maji ya chumvi ili yawavutie, nikayaanika tena, na kwa kuwa magunia yalikuwa yamejaa, nikayashindilia kwenye foronya, nikazishona midomo, nikazipanga kitandani chumba cha wageni. Hapo ndipo nilipojiponza.

Jumamosi kukawa na matanga ya mzee jirani yetu, na kama ilivyo desturi tukaombwa mikeka na mito ya wageni. Kazungu akaja mbio, "Mama Kadzo, mito iko wapi?" Nami nasonga sima ya watu wote wale, nikamjibu, "Si iko chumba cha wageni," akili yangu yote iko sufuriani.

Baada ya chakula cha mchana wazee wakajinyoosha uani pale matangani. Nikamsikia baba mkwe (ambaye hata kupita mbele yake mimi huinama) akimwambia mwenziwe, "Mto huu mbona unachakarika?" Nikajua nimekwisha. Kabla sijamfikia, Kipaku, yule mbuzi wangu mwenye mimba, alikuwa keshakata kamba huko kwetu, akauma pembe ya mto, akavuta, kichwa cha mzee kikagonga mkeka, foronya ikachanika, wenzake wawili wakaja wakala majani juu ya kifua cha mzee, nami katikati yao, mkono mmoja umeshika leso inayonivuka, mwingine mkia wa mbuzi.

 Kisha mjane wa marehemu, ambaye tangu maziko hakuwa amesema neno, akacheka mpaka akajifunika uso, na watu wote wakamfuata.

Baba mkwe akapangusa ndevu zake. "Mkaza mwanangu, hawa wanakula nini?"

"Majani ya mlusina, baba. Makavu."

Akawatazama wakitafuna, kisha akamgeukia mwanawe. "Na hawa ndio uliotaka kuwauza kwa kukosa chakula?"

Mimi kwa aibu nilitamani ardhi inimeze, ingawa moyoni, nisiwafiche, nilifurahi. Nimeapa majani yangu na foronya havitakutana tena, na mto wa kuazima watu nitaubonyeza kwanza. Jumatatu mwenye bucha alipofika alimkuta Kazungu juu ya mlusina ulio karibu na kisima, panga mkononi, akamwambia bila hata kushuka, "Rudi tu, ndugu yangu. Hapa hakuna anayeuzwa."