Shingo Yangu Ilipokataa Kuinama

Fundi cherehani aliyenifundisha karate amefariki. Habari ilinikuta Goweko kwa shemeji yangu, tukichambua tumbaku, na mtu wa kwanza niliyemfikiria, Mungu anisamehe, hakuwa marehemu wala mjane wake. Nilimfikiria binti mmoja wa Urambo. Nilijua nitamkuta msibani.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnaujua ukaidi wangu. Nilianza karate nikiwa na mvi, baada ya daktari kunitisha kuhusu presha. Tulijifunzia katika ghala la zamani karibu na stesheni ya Tabora, na sheria za mwalimu zilikuwa chache: kucha fupi, mdomo umefungwa, viatu mlangoni, na umri wako uuache hapo hapo pamoja na viatu. Mkekani, mwenye mkanda wa chini humwinamia wa juu. Nje, mdogo humwamkia mkubwa kama kawaida. Waislamu wenzake walipomuuliza kama huko kuinama si kumwabudu binadamu, aliwajibu pini zikiwa mdomoni: "Hiyo ni shikamoo ya mwili tu, ndugu zangu. Wa kuabudiwa ni Mungu peke yake."

Mimi nilikuwa mkanda mweupe, wa chini kabisa. Binti yule, rika la kitinda mimba wangu, alikuwa mkanda wa kahawia, na kila nilipotakiwa kumwinamia shingo ilikataa. Jumamosi moja tukapangwa pamoja. Alinigusa kifuani mara tatu, taratibu, kwa adabu zote, na watu wakacheka. Mwalimu akapaza sauti, "Yame!", neno la Kijapani la kusimamisha pambano. Binti akashusha mikono, akainama. Nikampiga. Damu ikamtoka puani, ikadondokea vazi jeupe ambalo mwalimu mwenyewe alimshonea. Nilingoja kufukuzwa, tena nilitamani. Badala yake mwalimu alipiga magoti mbele ya yule binti, akainamisha kichwa: "Nisamehe, mwanangu. Huyu nimemfundisha kupiga kabla sijamfundisha kuacha." Kisha akageuka, akanitazama, akangoja. Nikachukua viatu vyangu, nikaondoka, na sikurudi tena.

Tangu hapo nimejaza safu hii kwa malalamiko juu ya vijana wasioamkia wakubwa, na ninyi mkaniandikia kunipongeza. Hakuna aliyeniuliza mimi nimemheshimu nani. Naona haya. Sisi wenye mvi tumeizoea heshima ya kupokea, hata tukidaiwa ya kutoa tunaona tumeonewa.

Msibani binti alitoka upande wa wanawake, akaja moja kwa moja hadi nilipoketi. Sasa yeye ndiye anayefundisha pale ghalani. Akakunja goti. "Shikamoo, baba." Watu walikuwa wanatutazama. Marahaba ilikuwa tayari ulimini, na kwa sheria ya marehemu nilikuwa na haki nayo, kwani tulikuwa nje. Nikasimama, nikavua viatu, nikainama mpaka kiuno kikauma.

"Nisamehe, mwalimu."

"Mimi nilishakusamehe, baba," akasema. "Ila yeye alikuwa anatazama mlango kila Jumamosi."

Wazee wenzangu, mkimkosea mdogo wenu, inameni mapema. Mimi nimeinama, na aliyekuwa akiningoja hakuniona.