Mzigo Unaopimwa kwa Kuzunguka Nyumba

Saa moja asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini na tisa anazunguka nyumba yake akiwa na baiskeli begani.

Baiskeli yenyewe si tupu. Nyuma kuna turubai na blanketi, kwenye uma wa mbele kuna madumu mawili ya maji, na ubavuni zimefungwa fito za chuma kwa vipande vya tyubu kuukuu. Anapita dirisha la chumbani, anapita karo la vyombo, anaanza kukata kona ya jiko. Hapo goti la kushoto linamgomea. Anaishusha baiskeli polepole, kama anayelaza mtoto aliyesinzia, anaegemea ukuta, anahema.

"Ulikuwa bado kona moja," mkewe anamwambia kutoka mlangoni. "Toa kitu, baba."

Ndivyo anavyopima mzigo. Mtu huyu, ambaye wengi wanamwita Fundi Mpini, anatengeneza pampu za mkono za visima. Kisima anachokiendea safari hii kiko nyuma ya mlima wa mawe, mwendo wa siku mbili na kulala katikati, peke yake. Kuna mahali baiskeli inakubeba, na kuna mahali wewe ndiye unayeibeba. Akizunguka nyumba mara moja bila kuishusha, ataweza kupanda genge la mlima huo. Asipoweza, kitu kinabaki nyumbani.

Zamani alikuwa anazunguka na kila kitu huku anapiga mluzi. Siku hizi vinavyobaki nyumbani vimekuwa vingi kuliko vinavyosafiri.

Wala haikuwa lazima iwe hivi. Idara ya maji ilikuwa na gari, na gari lilikuwa linamshusha chini ya mlima pamoja na vifaa vyake, yeye anabaki na kazi ya kupanda tu. Gari hilo bado lipo. Mwandishi wa makala haya amelikuta limeoshwa, limeegeshwa kivulini, linamsubiri mkuu wa idara amalize kikao. Pampu ikiharibika, mafuta hakuna. Mgeni akija kutoka juu, mafuta yanapatikana, tena na vitafunio.

Mshahara wa Fundi Mpini kwa mwezi haufiki posho anayolipwa mkubwa wake kwa kulala hotelini siku mbili akizungumzia maji.

"Sitaki kumsema mtu," anasema huku akifungua kamba ya turubai. "Lakini wale wanakunywa maji ya chupa. Mtu wa maji ya chupa utamweleza nini kuhusu kisima?"

Mwaka jana walimkumbuka. Alivalishwa kofia ngumu na fulana inayong'aa, akapewa mifuko miwili mizuri ya kuning'iniza pembeni mwa gurudumu, akapigwa picha. Picha imetundikwa ofisini mpaka leo. Mifuko ilikwenda safari moja tu. Njia ya kwenye genge ni nyembamba, upana wa mtu aliyekonda, na mawe yaliichana mifuko yote miwili kabla hajafika nusu. Aliyeichagua hakuwahi kupita pale hata kwa miguu.

Kofia sasa inahifadhi nati. Fulana, mkewe ameifunikia banda la kuku.

"Kuku wangu usiku wanaonekana kutoka barabarani," mama anasema. "Mwizi hata tochi hahitaji."

Fundi anacheka kidogo, kisha anarudi kwenye mkeka alikopanga vitu vyake. Spana mbili. Kibano kizito cha kushikia bomba. Ndoana ndefu ya kuvulia vyuma vilivyozama. Viraka, gundi, tyubu ya akiba na pampu ya baiskeli. Sufuria, unga, chumvi. Na mpira mmoja mweusi, mdogo kama mfuniko wa chupa ya chai, ambao anautia kwenye mfuko wa shati.

Kwenye mpira huo na zile fito ndiko kulikolala shida yote.

Ndani ya kisima, anaeleza, kuna fito za chuma zilizoungwa moja baada ya nyingine mpaka chini kwenye maji. Mwisho wake kuna mpira unaovuta maji. Mpira ukilika, mpini wa pampu unakuwa mwepesi polepole, siku hadi siku. Fito ikikatika, mpini unakuwa mwepesi ghafla. Mpira unaubadilisha kwa spana mbili tu. Fito inataka fito nyingine, kibano na ndoana, yaani chuma kitupu, na chuma hakina huruma begani.

Sasa huko mlimani simu hazishiki. Mnara ulisimikwa, ukazinduliwa, ukafa. Habari za pampu zimeletwa na muuza asali, ambaye hushuka sokoni na madebe yake. Alisema mpini umekuwa mwepesi. Fundi alimuuliza: ghafla, au polepole?

"Mimi nimetumwa neno moja," muuza asali akamjibu, "na hilo moja nimelileta."

Mtu mwingine angesema hilo ni jambo dogo. Mkewe ndiye aliyesimulia kwa nini si dogo. Alisubiri mumewe aende nyuma ya nyumba kutafuta kamba, akasogeza kigoda karibu.

Kiangazi kilichopita habari zilikuja hivihivi, kwa neno hilohilo. Goti lilikuwa limeanza kusumbua. Fundi alizunguka nyumba, akaishusha baiskeli kwenye kona ya jiko, akaamua ni mpira. Akaziacha fito. Alisafiri vizuri tu, na maji ya kutosha na blanketi lake, akafika, akafungua pampu. Fito ilikuwa imekatika na kuzama.

"Alisimama pale na kampira kake mkononi," mama anasema. "Kijiji kizima kinamtazama."

Alirudi kuchukua fito. Alikwenda idarani kuomba gari angalau limfikishe chini ya mlima, wakamwambia aandike barua. Akaandikiwa na mwanawe. Barua ikasubiri sahihi, na mwenye sahihi alikuwa safarini. Mwishowe alikwenda kwa baiskeli vilevile. Wakati huo watu walikuwa wakinywa pamoja na ng'ombe kwenye dimbwi, na watoto walianza kuharisha. Mmoja wao alikuwa kitindamimba wa dada yake Fundi, dada wa tumbo moja, aliyeolewa huko. Alipofika mara ya pili, walikuwa wameshamzika.

"Wifi yangu hakumlaumu," mama anasema. "Afadhali angemlaumu. Alimkaribisha, akampa maji kwenye kikombe cha bati. Yaleyale ya dimbwi. Aliniambia alikitazama kile kikombe, kitako chake hakikuonekana."

Akakirudisha kigoda mahali pake, kwa sababu mumewe alikuwa anarudi na kamba.

Mkuu wa idara, alipoulizwa kuhusu gari, alisema suala hilo liko kwenye mpango. Neno hilo mwandishi analifahamu. Dawa ambayo ingemponya mke wa mwandishi nayo ilikuwa kwenye mpango.

Mzunguko wa pili, Fundi ameacha turubai. Anapita dirisha, anapita karo, anafika kona ileile ya jiko na kuishusha baiskeli. Anaitukana kona hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayegombana na jirani wa siku nyingi.

Anaondoa blanketi.

"Utalala na nini kwenye mawe?" mkewe anauliza.

"Nitalala na hasira. Inapasha joto."

Mzunguko wa tatu anaivuka kona, lakini anaishusha hatua chache kabla ya mlango. Anaondoa sufuria na unga. Atakula mkate mkavu. Bado mzigo ni mzito. Anaondoa tyubu ya akiba, anaishika mkononi kwa muda, anairudisha. Tairi likipasuka katikati ya mlima, viraka peke yake havitoshi, na baiskeli ya kukokota haikupeleki popote.

Kwenye mzigo hakuna tena cha kuacha. Wote wawili wanaziangalia fito.

"Ziache," mkewe anasema, safari hii bila mzaha. "Pengine ni mpira tu, baba."

"Hata mara ile tulisema pengine."

Anapoulizwa kwa nini asiwaachie vijana kazi hii, anasema aliomba mtu wa kumfundisha tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Nafasi ilitangazwa, ikajazwa. Aliyeijaza yuko ofisini na hajawahi kuja kujitambulisha. Kwa hiyo atakwenda mwenyewe mpaka goti litakapokataa kabisa, na siku hiyo, anasema, kule nyuma ya mlima watasikia tu kwamba fundi hayupo. Watasikia kwa muuza asali.

Tumaini lake ni dogo. Hatamani gari tena, wala barabara. Anatamani dada yake ampe maji kwenye kikombe kilekile cha bati, na yeye akione kitako chake.

Anapiga magoti taratibu mbele ya uma wa mbele, anafungua dumu moja la maji na kuliweka mlangoni. Anaipandisha baiskeli begani, fito zikigongana. Dirisha. Karo. Kona ya jiko. Anapita mbele ya mlango bila kusimama, akiwa amefumba macho, kisha anaishusha baiskeli kwenye njia, tayari imeelekea mlimani.

Hakuna anayepiga makofi.

"Dumu moja halikupeleki na kukurudisha," mkewe anasema.

"Kunirudisha, hapana. Kunipeleka litanipeleka."

"Sasa huko utakunywa nini?"

Fundi Mpini anapapasa mfuko wa shati kuhakikisha mpira upo. Anavuta kamba ya fito mara ya mwisho, anaona imekaza.

"Mama watoto, kwani nakwenda wapi?" anasema. "Si nakwenda kisimani?"

Anaondoka. Mkewe anabaki amesimama mlangoni na lile dumu lililojaa, bila kujua aliingize ndani au amkimbilie nalo.