Firigisi ya Mwalimu

Kwetu firigisi haigawanywi. Kuku akichinjwa, huwekewa mgeni mkubwa, na miaka yote mgeni mkubwa alikuwa mwalimu. Majina ya walimu wote waliopita pale shuleni ninayo kichwani, ila hapa nawaacha wapumzike.

Ikaja ruksa ya biashara, pamba ikawa inanunuliwa na yeyote mwenye mizani. Siku moja mwalimu alikuja kumwomba mume wangu amrudishe binti yetu darasa la saba, maana tulimtoa akapikie vibarua kwenye ghala la pamba. Kabla hajakaa vizuri, mwenye ghala naye akafika kutoka Bariadi mjini. Alifundishwa na mwalimu huyo huyo.

Kuku alichinjwa mmoja. Mume wangu akanifuata jikoni.

"Firigisi mpe tajiri."

"Na mwalimu je?"

"Mwalimu ana meno, atakula shingo."

Nikapiga magoti, nikatenga kama nilivyoambiwa. Tajiri akaiona firigisi, akacheka.

"Mwalimu, darasani sikuwahi kuwa wa kwanza. Leo nimekuwa."

"Hongera," mwalimu akasema, akaila ile shingo polepole mpaka mifupa ikawa myeupe. Habari ya binti hakuitaja tena. Alikuwa Msukuma kama sisi, alijua ameshajibiwa.

Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio wa minyaa.

"Asante kwa chakula, mama."

Binti alikuwa kule ghalani, anachochea moto.