Kidonge Kwanza, Mkate Baadaye

Nyuma ya soko la Kasongo, kwenye njia inayoteremka kwenda kisimani, kuna tanuru la udongo wa kichuguu lililojengwa na mwanamke kwa mikono yake. Mwanamke huyo ni jirani yetu Mado, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Estelle. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mikate inatoka motoni, na watu wamekwisha kujipanga: madereva wa pikipiki, wanafunzi, akina mama wanaowahi meza zao sokoni. Harufu inawatesa, lakini hakuna anayepewa kitu. Sinia limefunikwa kitambaa. Wote wanangoja mtoto wa miaka saba apande juu ya kigoda, aweke kidonge kwenye ulimi, anywe maji, kisha afungue kinywa waone kwamba kimeshuka. Ndipo kitambaa kinaondolewa.

Wageni wanadhani ni mambo ya dini. Siyo dini. Ni sheria ya mwanamke mmoja, na katika mji huu sijaona sheria inayoheshimiwa kuliko hiyo.

Mado alizaliwa Wamaza, katika familia ya wakulima wa muhogo. Mume wake Célestin anabeba bidhaa kwa baiskeli na mara nyingi hayuko nyumbani. Mwaka mmoja walipoishi Salamabila, Mado alikuwa akimwoshea masinia mwokaji mmoja aliyewauzia mikate wachimba dhahabu. Hakuna aliyemfundisha kazi. Aliosha masinia na kutazama. Waliporudi Kasongo alibomoa kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba yao, akakanyaga udongo wiki nzima, akajenga.

Wanaume walikuja kutazama na kucheka, kwa sababu mdomo wa tanuru ulikuwa juu, usawa wa kifua cha Mado.

"Mama Estelle, hii tanuru unapikia twiga?" aliuliza Ramazani, dereva wa pikipiki anayekwenda Salamabila na kurudi.

"Napikia wewe," Mado alijibu. "Utakuja tu."

Hakuwaeleza sababu. Sababu ilikuwa mkono wa kushoto wa binti yake Estelle, wenye kovu la moto kutoka kiwiko mpaka kwenye vidole. Mtoto huyu ana kifafa. Alianza kuanguka akiwa na miaka mitano, na siku moja aliangukia kwenye mafiga ya bibi yake. Ndiyo maana mama yake alijenga tanuru ambalo mtoto hawezi kuliangukia. Waliocheka walikuwa wanacheka upendo, ila hawakuujua.

Mwaka mzima Estelle alinyweshwa mizizi, akachanjwa chale, akaombewa. Mwishoni Mado alimpeleka kwenye kituo cha afya, na muuguzi aitwaye François akampa vidonge: kimoja kila siku, saa ileile, bila kuruka hata siku moja. Mtoto akakaa miezi mitatu bila kuanguka. Mado akatoa shukrani kanisani, na kisha akafanya kosa ambalo sisi sote hapa tunalifanya. Kila nyumba ya kwetu ina mkebe wa maziwa wenye dawa zilizobaki. Mtu akipata nafuu, haendelei kuila dawa ovyo. Anaiweka kwenye mkebe imngoje mgonjwa mwingine. Tunaona ni akili ya nyumba. Mado aliona mtoto amepona, akaweka vidonge kwenye mkebe, akawasha tanuru lake kwa mara ya kwanza.

Wiki mbili biashara ilikwenda vizuri mno. Jumamosi ya wiki ya tatu, sinia likiwa limejaa na watu wamesimama, Estelle alianguka mbele yao, akitetemeka, povu likimtoka kinywani.

Aziza, mwuza vitenge ambaye alikwisha kuchukua mikate sita, aliirudisha kwenye sinia na kuondoka. Ramazani aliwasha pikipiki yake na kukimbia. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Musiguse lile povu, ugonjwa utawapanda." Mama peke yake alipiga magoti vumbini, akamgeuza mtoto ubavu, akaweka kiganja chini ya kichwa chake, akangoja. Alipoinua macho njia ilikuwa tupu, na mikate bado ilikuwa inatoa mvuke.

Mambo haya yananichoma. Tunaambiana kwamba sisi ni watu wa umoja, na siku mtoto anapotetemeka chini tunahesabu hatua za kukimbia.

Jumapili hakuna aliyenunua. Jumatatu vilevile. Jumanne mama mkwe wake, Mama Julienne, alifika kutoka Wamaza, akakaa kwenye mkeka na kusema lile ambalo majirani walikuwa wanalisema pembeni.

"Mado, mwanangu, unipatie mutoto niende naye kijijini. Kule hakuna mutu atamuona. Wewe ubaki na mikate yako."

"Mama, kule Wamaza nani atamupa dawa kila asubuhi?"

"Kuko mizizi."

"Mizizi tulimupa mwaka muzima. Angalia mukono yake."

Mama Julienne hakuangalia. "Mkate na ugonjwa wa kuanguka haviwezi kukaa nyumba moja. Chagua kimoja. Célestin naye anasema hivyo."

Basi ndivyo ilivyokuwa: amfiche mtoto ili tanuru liishi, au abaki na mtoto na tanuru lizimike. Wapo ambao wangelia. Mado alichukua ule mkebe wa maziwa na kumpeleka Estelle kwa François.

Muuguzi alifungua kifuniko, akatazama ndani.

"Ninyi wote muko na huu mukebe," alisema polepole. "Mama, dawa hii siyo ya kufukuza ugonjwa mara moja. Ni kama mulango. Ukiufungua, ugonjwa unaingia tena. Kila siku, saa ileile, hata mutoto akicheza na kucheka. Siku ya kuacha ni mimi nitakuambia."

"Na povu? Linapanda mutu mwingine?"

"Nimewashika watoto wa namna hii miaka kumi na nane. Umeniona nikianguka?"

Mado alifikiri. Kisha akasema kwamba yeye hana saa ukutani, na kazi za nyumba hazina wakati maalumu, ila kuna jambo moja analofanya kila siku katika wakati uleule: kutoa mkate motoni.

Kesho yake watu watatu tu walikuja, na mmoja wao alikuwa Ramazani, ambaye alisimama mbali akijifanya anakagua gurudumu. Mado aliweka kigoda mbele ya sinia, akampandisha Estelle, akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye njia:

"Mutoto wangu alianguka kwa kosa yangu. Nilikata dawa. Ugonjwa huu hauruki kwa mate, muulize François. Kila asubuhi mutamuona anakunywa kidonge, na bila kidonge siuzi. Mwenye haraka aende."

Ramazani akasema, "Sasa hapa ni kwa mkate ao ni kwa hospitali?"

"Ni mkate wenye dawa. Moto yako wewe, hii pikipiki, haina hata breki, na watu wanaipanda."

Wale wawili walicheka, na Ramazani naye akacheka, akasogea. Estelle alimeza, akafungua kinywa. Ramazani alichungulia kama fundi anayechungulia injini, akasema, "Imeshuka," akanunua mikate miwili.

Watu walirudi mmoja mmoja. Aziza alikuwa wa mwisho, baada ya mwezi, na aliomba radhi kwa njia yake: alimletea Estelle kipande cha kitenge cha kufunikia sinia. Kufikia msimu wa mvua, mstari ulikuwa mrefu kuliko mwanzo, na wateja ndio waliokuwa wanamhimiza mtoto. "Estelle, kunywa haraka, chai yangu inapoa." Wanafunzi walifungua vinywa pamoja naye. Mado aliwaeleza wamama wengine juu ya mikebe yao. Watoto wawili waliokuwa wamefichwa nyuma ya nyumba walipelekwa kwa François, na mmoja wao alikuwa mtoto wa yule aliyepiga kelele za povu.

Kisha mvua ikakata barabara, na vidonge vikaisha kituoni. Mado alisimama mbele ya mstari.

"Vimebaki vitatu. Siku ya ine sitawasha moto. Nitamubeba mutoto nitembee mpaka nipate."

"Utembee mpaka wapi, na hii matope?" aliuliza Aziza.

"Mpaka kwenye dawa."

Aziza alimgeukia Ramazani. "Baba Ramazani, wewe si unaenda Salamabila, kule kuko dawa?"

"Njia ni matope mpaka kiunoni, dada."

"Siku ile ulikimbia hapa bila kupima matope."

Mstari wote ulicheka. Ramazani hakucheka. Alipokea karatasi yenye jina la dawa lililoandikwa na François, akaitia ndani ya kofia yake, akaenda.

Asubuhi ya siku ya nne tanuru lilikuwa baridi. Mado alikuwa amemfunga Estelle mgongoni, viatu mkononi, akiagana na Aziza, pikipiki iliposikika ikikohoa kwenye mteremko. Ramazani alikuwa matope mpaka kwenye nyusi. Alivua kofia, akatoa boksi lililofungwa kwenye plastiki mara tatu. Aliitwa François, akasoma maandishi, akasoma tarehe, akaitikia kwa kichwa. Estelle alimeza palepale, mgongoni kwa mama yake.

"Sasa, mkate?" aliuliza Ramazani.

"Tanuru iko baridi, Baba Ramazani. Urudi saa ine."

Ramazani alitazama tanuru lile la twiga, akatazama rundo la kuni. "Nipatie shoka," alisema.

Saa nne mikate ilitoka. Ramazani alijipanga kama wengine, matope yakiwa yamekauka na kuanza kubanduka usoni. Estelle alikuwa amekwisha kunywa kidonge tangu asubuhi, na wote walijua. Lakini alipoona mstari umesimama, macho yote kwake, na mama yake ameshika pembe ya kitenge bila kukiondoa, alipanda juu ya kigoda na kufungua kinywa chote.

"Imeshuka," alisema Ramazani, na kitenge kikaondolewa.