Thamosi Iliyopitia Dirishani

Juzi nilikuwa kwenye duka la fotokopi pale Dagoretti Corner. Nilipopokea karatasi zikiwa bado na joto, ile harufu ya wino ikanirudisha Waithaka, nikiwa na miaka kumi, roho mkononi.

Mwalimu wetu wa Sunday school alitwambia tuandike visa vifupi vya kweli, kila mmoja na picha yake, avitoe fotokopi na kuvifanya kitabu. Wenzangu waliandika habari za mbwa waliowakimbiza. Mimi, kwa kiherehere changu, niliandika jinsi zamu yetu ya kwanza ya kukaribisha nyumbani fellowship ya akina mama wa kanisa ilivyotufikia. Asubuhi hiyo mama aliazima vikombe, vitambaa vya makochi na thamosi ya chai ya Mama Achieng, jirani yetu na mwenzake kanisani, ikapitishwa dirishani ili mtu yeyote asione. Wageni waliisifu sana ile thamosi, na mama akajibu, "Asanteni," macho chini. Nilichora dirisha, mikono miwili, na lile ua jekundu la ubavuni mwa thamosi. Fotokopi ililitoa jeusi, lakini lilitambulika vizuri sana.

Vitabu viligawiwa Jumapili baada ya ibada. Mama alifungua akitabasamu, akafika ukurasa wangu, tabasamu likayeyuka. Wiki nzima alifulia watu nguo kule Woodley, lakini Jumapili aliingia kanisani kichwa juu, na sasa mimi mwanawe nilikuwa nimemwanika. Kushoto na kulia akina mama walikuwa wakisoma kimya. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuogopewa hata na pasta, alisogeza kitabu karibu na miwani.

"Mama Mwende," akamwita mama, "si ungesema! Hii thamosi hata kwangu iliingilia dirisha."

"Kwangu ilikuja na hizo vitambaa zote," mwingine akadakia.

Mama Achieng akashika kiuno. "Hiyo thamosi imefanya ministry kuliko pasta!"

Kanisa likavunjika mbavu. Mama alicheka hadi akakaa chini, akijifuta machozi kwa leso, kisha akanivuta kwake. "Wewe mtoto utaniua," akasema, na mkono wake begani kwangu ulikuwa mwepesi. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu ibada iishe.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na nyumba na wageni wangu, ndipo nilipofahamu kwamba siku ile kwetu wale akina mama hawakudanganyika hata kidogo. Waliijua thamosi ilipowekwa tu mezani. Waliisifu kwa sababu kila mmoja wao alishawahi kujibu "asanteni" akiangalia chini, na hawakutaka mama yangu aaibike.

Zamu yetu iliyofuata, Mama Achieng aliileta mwenyewe, mchana kweupe, akapitia mlangoni.